Joto la Mdogo Wangu

Saa kumi na moja jioni, Januari. Upepo umetulia kijijini De Lier, na Machteld Zuidgeest anaviringisha miche ya pilipili hoho kwenye kamba. Ghafla mtambo unanguruma ng'ambo ya mfereji.

"Huyo, kaanza," anasema. "Sasa anauza umeme."

Huyo ni Tineke, mdogo wake. Kila mmoja ana banda lake la vioo, na mtambo wa gesi unaotoa joto kwa mimea na umeme wa kuuza. Upepo ukilala, vinu vya umeme wa upepo havizunguki, nchi nzima inakimbilia umeme wa gesi, na bei za gesi na umeme zinapanda pamoja.

Kama kila mwaka, Tineke alifunga mkataba wa bei ya gesi yake tangu kiangazi, senti 28 kwa mita ya ujazo. Machteld alingoja ishuke. Leo ananunua kwa senti 51.

"Mama alimsifu yeye kwa akili, mimi kwa mikono," anasema, wala hacheki.

Mwaka jana kijicho kilimponza. Kila aliposikia mtambo wa mdogo wake, naye aliwasha wake. Wiki moja upepo ukarudi, bei ya umeme ikaporomoka, lakini Tineke, kwa gesi yake rahisi, akaendelea kupata faida. Machteld akasema hazimi wa kwanza. Siku sita zikamla euro 9,000, akashindwa kupasha joto nusu ya banda, miche ikafa. Nusu iliyobaki ikipoa msimu huu, atauza banda aliloachiwa na baba yake.

"Dada! Njoo unywe supu ya njegere!" Tineke anaita kutoka ng'ambo.

"Nimeshiba!" Kisha, kwa sauti ya chini: "Hata supu yake ina joto kuliko banda langu."

Mtambo wake humpa Tineke maji ya moto mengi kuliko mimea yake inavyohitaji. Mengine hupoa bure kwenye tangi. Bomba la mita arobaini lingeyavusha mfereji hadi kwa Machteld. Machteld ameshalinunua, liko nyuma ya banda chini ya turubai. Ila kuomba, hajaomba.

"Akikataa, nitanuna siku mbili, yataisha," anasema. "Akikubali je? Kila nikigusa bomba nitajua ni lake."

Anaviringisha mche mwingine, taratibu.

"Jumapili, tukitoka kanisani, namwambia. Miche haina habari joto ni la nani."