Wimbo Ambao Sikuupeleka

Mwaka ule nilikuwa nikimtunza bibi mmoja Mwingereza nyumbani kwake Mansfield, Texas, siku nne kwa wiki, kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ofisi iliyonituma iliniambia tu kwamba ana miaka themanini na minne, miguu haimtii tena, na ni mkali. Hakuna aliyeniambia kuwa ni mtunzi wa muziki. Nililigundua hilo siku ya pili, nilipofungua kabati la mashuka nikakuta halina shuka hata moja. Rafu zote zilijaa karatasi zenye mistari mitano mitano, zimefungwa kwa utepe.

"Hayo ndiyo maisha yangu," aliniambia kutoka kitini. "Mashuka yako chini ya kitanda."

Nikamjua kidogo kidogo. Baba yake alikuwa akipiga kinanda kanisani, katika mji wa viwanda vya sufu huko Uingereza. Yeye akapata nafasi ya kusomea muziki London, ambako mwalimu wake alimshauri atunge nyimbo za watoto, kwa kuwa kazi kubwa zina wenyewe. Akazitunga hizo kubwa hivyo hivyo. Moja, ya fidla, ilipigwa redioni mara moja, wakati wa vita. Kisha akaolewa na mhandisi Mmarekani, akahamia Texas, na kwa miaka hamsini akaandika muziki kwenye meza ya jikoni. Alikuwa akiwatumia wenye okestra, nao wakimrudishia pamoja na barua za adabu.

Nilimwita Mama. Sikulelewa kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake. Mwanzoni alishangaa, baadaye akawa anaitika.

Siku moja namwosha nywele, nikajikuta naimba chini chini wimbo wa bibi yangu wa kupeta mtama, kule Singida. Akaudaka mkono wangu wenye povu.

"Rudia."

Nikarudia. Aliniimbisha mara saba au nane huku maji yakimchuruzika shingoni, akigonga ukingo wa sinki kwa kidole. Wiki mbili baadaye alinikabidhi kurasa sita. Alikuwa ameuchukua wimbo wa bibi yangu na kuutungia sauti nne. Alijua kwamba ninaimba katika kwaya ya Kiswahili kule Haltom City.

"Wapelekee wenzako," alisema. "Ni miaka mingi sijasikia kitu changu kikitoka vinywani mwa watu."

Sikuwapelekea. Nilikuwa mgeni katika kwaya ile, nasimama nyuma, na kusoma noti sijui. Nilijiona nikiingia na kurasa za mzungu zenye wimbo wa kupeta mtama, nikasikia kicheko kabla hakijachekwa. Nikaziweka kwenye droo, chini ya sare zangu za kazi.

"Mmeanza mazoezi?" akaniuliza Jumatatu.

"Tumeanza, Mama."

Uongo ule ulikuwa mdogo. Wiki iliyofuata ukahitaji mwenzake. Nikamwambia besi wanapata shida, akacheka, akasema besi ni wale wale dunia nzima. Mwishowe, nilipochoka kubuni mazoezi, nikamwambia kwamba tumeimba Jumapili, na kwamba kanisa zima lilisimama. Akafumba macho. Akaniuliza wanawake walivaa nini. Nikamwambia vitenge vya kijani.

Mwaka uliofuata binti yake alimchukua akaishi naye Katy, nje ya Houston. Miezi mitatu nikawa silali vizuri. Jumamosi moja nikaendesha gari kwa saa nne mpaka huko, nikiwa nimeazimia kusema. Nilimkuta kitandani, amekonda, lakini akili timamu kabisa. Binti yake alipotoka kwenda kununua mkate, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, wimbo wako hatukuuimba. Sikuupeleka hata kwenye kwaya. Nilikudanganya."

"Najua," alisema.

Akaniashiria niinuke nikae ukingoni mwa kitanda.

"Ukurasa wa nne, sauti ya pili nimeiandika juu mno. Hakuna mwanamke wa sauti ile anayefika pale. Nililiona kosa siku ile ile, ulipokwisha kuondoka. Nikakungoja uje kuniuliza. Kwaya yoyote ingekwama pale."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ulikuwa unasimulia vizuri. Nami nilikuwa nausikia."

Niliporudi, zile kurasa nikampa mwalimu wa kwaya, baba mmoja Mkongo, mpole. Nikamwonyesha kosa la ukurasa wa nne, nikamweleza yote. Alizisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza.

"Dada, hii wimbo iko muzuri sana," alisema. "Juu ya nini uliificha?"

Alituandikia do-re-mi ubaoni, tukajifunza sauti moja baada ya nyingine. Hakuna aliyecheka. Wiki ya sita binti wa Mama akanipigia simu nikiwa kazini: mama yake amefariki asubuhi ile.

Tukauimba bila yeye. Binti alikuja kutoka Katy, akakaa benchi la mbele, akalia kwa utulivu mpaka mwisho. Baada ya ibada alinishika mikono yote miwili kwenye maegesho ya magari.

"Asante kwa kuurudia," alisema. "Mara ile ya kwanza mlipouimba, mama alifurahi mwezi mzima. Alikuwa akiwasimulia hata majirani."

Ningeweza kuitikia tu. Badala yake nikamweleza kwamba mara ya kwanza haikuwapo, kwamba leo ndiyo ya kwanza. Nikaona uso wake ukipoa taratibu. Aliachia mikono yangu, akatafuta funguo mkobani.

"Hilo ungeniachia," alisema, akaingia garini.

Hatukuonana tena. Nimejiuliza mara nyingi kama siku ile nilisema kweli kwa sababu alistahili kuijua, au kwa sababu nilikuwa nimechoka kuibeba peke yangu. Kila nikijaribu kulijibu swali hilo vizuri, najikuta nimerudia jibu lile la pili.