Hambaga Nyuma ya Leso

Mpishi mmoja wa Makadara, Mombasa, ameaga dunia, ndugu wasomaji, na wengi wenu hamkumjua. Mimi nilimjua kwa sababu ya hambaga. Msicheke. Habari za msiba zimenifika hapa Malindi nikinywa kahawa, nami kabla ya kuikumbuka sura yake nilikumbuka harufu ya kitunguu kwenye kikaango chake.

Uhuru ulikuwa bado mchanga nilipompeleka mamangu Mombasa kwa daktari. Alikuwa amekonda mno, na daktari hakunificha: asipokula apate nguvu hatapasuliwa, na asipopasuliwa tumrudishe nyumbani tungoje. Mwenyeji wetu tulimkosa, nyumba imefungwa. Nikabaki kumvuta mama mkono hoteli hadi hoteli, naye hataki hata kukanyaga kizingiti. Njaa alikuwa nayo, lakini mama wa kwetu wa umri ule hali hotelini. Kuinua ukaya unaomfunika uso atafune mbele ya wanaume asiowajua, afadhali afe. Hoteli ya mwisho ilikuwa na kibao cha hambaga, kwani mwenyewe alikuwa mpishi wa melini zamani. Nikajisemea, hapa ndipo tumepotea kabisa.

“Mwanangu, mimi sili ndiani,” mama alisema mlangoni. “Nirudisha kwetu nikafe na haya zangu.”

Mpishi alimsikia. Alitoka akijifuta mikono, akainamisha kichwa. “Masalkheri, mama. Karibu, hapa ni kwako.” Kisha akaliangalia dirisha la juu, anakoishi na mkewe: “Mama watoto! Hebu niangushia leso!” Leso ya kujitanda ikaja ikipepea. Akaitundika kwenye misumari pale konani, akaweka kiti na meza nyuma yake, akawahamisha wateja waliokuwa karibu. Sahani akaipitisha chini ya pindo bila kuchungulia. “Nyama ya halali, mama, nimeisaga mwenyewe.”

Halafu sauti ya mama ikatoka nyuma ya leso: “Hii kababu imekanyagwa ni nani?”

Hoteli nzima iliangua kicheko, mpishi akiwa wa kwanza. Kisha sahani tupu ikarudi chini ya pindo: “Niongeza.”

Nililia, sioni haya kusema. Ndipo nikaionja yangu: nyama laini yenye dania na pilipili manga, chatini ya ukwaju, mkate wa boflo uliopitishwa kwenye samli. Sijapata kula kitu kitamu namna ile safarini. Mama alikula siku zote tulizokaa, akapasuliwa, akapona.

Leso ile haikuondoka tena. Wenye hoteli jirani walimcheka kwamba amefungua ukumbi wa harusi, hadi akina mama wanaotoka kununua vitu madukani Ndia Kuu wakaanza kumjazia kona yake. Siku hizi tunaambiwa eti watu wetu wanakataa mambo mapya. Mimi nimeona mama mzima akiomba hambaga ya pili. Hawakatai jipya, wanakataa kuvunjiwa heshima, na heshima si utumwa. Anayetaka kutuletea jambo geni na atafute kwanza pa kutundika leso.

Niliogopa kumwambia mama habari hizi za msiba. Alisoma dua, kisha akauliza, “Na leso?” Nikamjibu kuwa mke na binti wa marehemu wanaendelea na kazi, na leso ipo pale pale. Akashusha pumzi, nami nikashusha yangu.

Kesho tunakwenda kutoa pole. Safari hii yeye ndiye anayenivuta mkono.