Waseme, Mbwa Aliyeletwa na Magugu

Wako watakaosema nimetunga. Wacha waseme, nimeshazoea kusemwa. Lakini binti yangu yu hai leo, ana watoto wake kule Kiseke, na kila nikimwona anawafokea kwa ile sauti aliyoirithi kwangu, nasema moyoni kwamba huyu alikuwa asiwepo. Basi kaa vizuri nikueleze, maana haya si ya kuambiwa na shangazi wa jirani. Yalinitokea mimi mwenyewe, kunapambazuka, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimeruhusiwa kila kona na viwanda vinapunguza watu. Tulikuwa tunakaa Butimba, upande wa chini kuelekea ziwani. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, anazunguka mjini kutafuta vibarua, na mimi nikaingia kwenye mitumba. Siku za mnada nilipeleka nguo Magu. Nyumbani nilimwacha mama mkwe wangu pamoja na mtoto wetu, Kabula, wa miaka mitano. Mtoto mmoja tu, na kabla yake mimba zilikuwa zinaharibika moja baada ya nyingine. Ukilielewa hilo, utaelewa yote yanayokuja.

Ndiyo miaka ambayo magugu maji yalituvamia. Ulikuwa unalala ziwa ni jeupe, unaamka ni kijani mpaka macho yanapoishia. Ukiyatazama kwa mbali ungeapa ni uwanja wa mpira. Visiwa vizima vilikatika huko vilikotoka vikaja na upepo, na juu yake vilibeba nyoka, ndege, wakati mwingine hata kuku wa watu.

Siku moja nimeshuka kufua nguo, nikakuta wanaume wanapiga kitu mawe. Kisiwa cha magugu kilikuwa kimegota ufukweni, na juu yake amelala mbwa. Jamani, yule mbwa! Mifupa mitupu, upele mwili mzima, kupe wamejaa kama kunde, na sikio la kushoto limechanika lina funza. Hakubweka wala hakukimbia, alikuwa ananitazama mimi tu. Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Niliwauliza wale wanaume kama mama zao wanajua wako huku wanapigana na mgonjwa. Wakacheka, wakasema mbwa wa ziwani huyo, mama, ana mambo yake. Nikamfunga kwenye shuka la mtumba nikapanda naye mlima.

Nilimtoa kupe kwa mafuta ya taa. Upele nikampaka oili chafu niliyoomba gereji, na sikio nikalipaka GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, asubuhi na jioni mpaka sikio zima likawa la zambarau na rangi ikagoma kutoka. Nikampikia mapanki ya sangara, vile vichwa na mifupa ya kiwandani, na uji mwepesi. Kabula alikuwa anamlisha kwa mkono, na yule mbwa hakula mpaka mtoto aonje kwanza. Usiku alilala ndani, miguuni pa kitanda cha mtoto. Ndani, umesikia? Mtaa mzima ulipata la kuongea. Jirani yetu mama Sayi alieneza kwamba nimeleta fisi wa wachawi nikamvisha ngozi ya mbwa. Ndipo nikamwita Waseme, na kila jioni nikawa namwita kwa sauti kubwa, nimegeukia nyumba ya mama Sayi.

Mama mkwe wangu hakucheka. Siku moja alimtazama muda mrefu, akaniambia, "Mama Kabula, huyu usimpige hata kwa ufagio. Huyu anasikiliza."

Nikaona ni mambo ya wazee.

Waseme alinenepa, manyoya yakarudi. Siku za mnada alinisindikiza alfajiri mpaka njia panda ambapo lori la wafanyabiashara lilitupitia, nikishapanda ndipo anarudi kwa mtoto. Hakukosa hata siku moja, na siku zote hizo sikuwahi kumsikia akibweka.

Sasa siku yenyewe. Niliamka giza bado, nikabeba robota langu la nguo, nikaita Waseme. Hakuja. Nikaona pengine yuko chini anafukuza kenge, nikaenda peke yangu. Nimefika njia panda, nikatua mzigo, na kabla sijajinyoosha nikaona mama mmoja amesimama mbele yangu. Mtu mzima, amejifunga kitenge kimoja kiunoni na kingine kichwani mpaka masikioni, miguu peku imelowa. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Akaonyesha robota kwa kidole, nilifungue.

Wewe mfanyabiashara mwenzangu unajua: mteja wa kwanza hafukuzwi. Ukimfukuza wa kwanza umefukuza siku nzima. Nikafungua. Akachukua sweta ya mtoto, akaileta puani, akainusa. Akaiweka. Akachukua gauni, akanusa, akaweka. Nikamwambia mama, mitumba yote inanuka namna moja, unatafuta harufu gani? Alinusa nguo moja baada ya nyingine na kuzitandaza pembeni mpaka majani yote ya barabarani yakawa duka langu.

Kisha nikasikia lori. Niliomba, nikabembeleza, nikamwambia chukua yoyote bure nifunge mzigo. Akakanyaga kona ya robota kwa mguu wake. Wenzangu wanapiga kelele kutoka juu ya lori, dereva anapiga honi, na dereva yule hakumsubiri hata mkewe. Wakaondoka. Niliona vumbi lao linaelekea mnadani bila mimi, na niamini, nilimgeukia yule mama nikiwa nimepandisha mikono yote miwili kwenda kumsukuma.

Naye alikuwa amepata alichokuwa anatafuta: gauni la njano, pacha wa lile alilokuwa akivaa Kabula. Akalinusa, akalikumbatia. Kitenge cha kichwani kikateleza. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika, na lilikuwa la zambarau.

Mikono yangu ikabaki hewani. Akaniambia, kwa sauti kavu kama ya mtu asiyezoea kusema, "Mtoto yuko juu ya majani. Upepo unamchukua. Nenda."

Niliacha kila kitu. Sijui kama umewahi kukimbia mpaka usisikie miguu. Mwanzo wa mteremko niligeuka mara moja: barabara ile imenyooka, unaona mtu mpaka mbali, na hakukuwa na mtu. Nguo zangu tu zimetandazwa kwenye majani.

Nyumbani mlango uko wazi, mama mkwe amesinzia kwenye mkeka, kitanda cha Kabula kitupu. Nikapitiliza mpaka ufukweni. Magugu yalikuwa yamejaa usiku ule, kijani kibichi, yamelala kimya utadhani nchi kavu. Mtoto wa miaka mitano atajua nini? Mbele kabisa, kipande kikubwa kilikuwa kimekatika, na upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu ulikuwa unakisukuma kuelekea katikati ya ziwa. Juu yake nikaona doa la njano.

Nilipiga yowe ambalo mama Sayi analisimulia mpaka leo. Nilitaka kuingia vile vile na nguo zangu. Wavuvi wawili waliokuwa wanarudi walinikemea nisikanyage, kwamba majani yale yanabeba mtoto, mtu mzima hayambebi, na ukizama chini yake hutokei. Wakanipakia kwenye mtumbwi, wakazunguka upande wa maji meupe, wakapiga kasia kama wamechanganyikiwa.

Tulipokaribia nikamwona. Kabula amekaa, na Waseme amelala juu ya mapaja yake, amemlemea kwa uzito wake wote asiweze kusimama. Kila mtoto akijitikisa, mbwa anamkandamiza tena. Mvuvi mmoja alimchota mwanangu kwa mikono miwili. Nilimkamata, nikamlamba uso, nikamchapa kofi la makalio, nikamlamba tena. Nilikuwa kichaa, nakubali.

Tukamwita mbwa aingie. Mvuvi alinyoosha mkono kumshika, naye akarudi nyuma hatua moja. Niliona miguu yake imelowa na majani mabichi ya barabarani yamenasa kwenye kucha. Nikamwita kwa jina, nikamwita tena nikilia. Alinitazama kama siku ile ya kwanza. Kisiwa kikapata upepo, kikaenda, naye amekaa juu yake wima, sikio lile la zambarau linaonekana mpaka likawa kama ua moja la magugu. Ndivyo alivyokuja, na ndivyo alivyoondoka. Mume wangu na wale wavuvi walirudi mchana kumtafuta. Hawakukiona kisiwa chenyewe.

Lakini bado sijakuambia kilichoninyima usingizi. Mtumbwini, meno yanagongana kwa baridi, Kabula aliniambia alivyoamka akakuta mimi sipo na Waseme hayupo, akaenda kumtafuta kule alikotoka, kwenye magugu. Majani yalipoanza kutembea akasimama atoke. Kisha akaniuliza, kama anauliza habari za kawaida kabisa:

"Mama, yule mama alikukuta? Alinikalisha, akasema nisinyanyuke, anakwenda kukuita."

Mvuvi wa mbele aliacha kupiga kasia.

Nguo zangu nilizikuta njia panda zote, hakuna aliyezigusa, isipokuwa gauni la njano. Hilo sikuliona tena. Magu niliacha kwenda. Mama mkwe wangu, mpaka anakufa, alikuwa akiweka bakuli la uji mlangoni kila yakija magugu, na sasa naliweka mimi. Wajukuu wananicheka. Mama Sayi hacheki; mwaka juzi alinijia kimya kimya kuniomba GV, ameokota mbwa.

Kabula mwenyewe hakumbuki lolote. Ila siku moja mwanawe aliokota jiwe amrushie mbwa koko pale kwao, na binti yangu, ambaye hamchapi mtoto, alimkamata mkono mpaka mtoto akalia. Baadaye binti yangu akaniuliza mimi kwa nini yeye mwenyewe alifanya vile.

Nawe nakuambia hivi. Ukimwona mbwa mgonjwa amekutumbulia macho, weka jiwe chini. Asubuhi mwanao atakapokuwa juu ya majani na wewe huna habari, hujui ni nani atakayekuja kukuita.