Brashi ya Kumpokea Mgeni

Mpimaji wa vijidudu katika kiwanda cha maziwa pale Kisii hakuwa na haja na meza zinazong'aa. Alizipita, akapiga magoti kando ya mfereji wa maji machafu, akaupangusa kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto sikio. Kisha aliingia chini ya tangi, akaenda nyuma ya mlango, akaomba kuona nyayo za gambuti. Vidole vyake vilinuka spiriti. Kila alipoinama aliimba puani wimbo ule ule wa kanisani, na hakuumaliza hata siku moja.

Nyamoita, mwosha makopo ya maziwa, alimheshimu mno. Kila Jumatatu, kabla mpimaji hajafika, alisugua sakafu na mfereji kwa brashi na sabuni. Kwao, kijijini Manga, mgeni hapokewi kwenye uchafu. Pamba zikawa safi wiki baada ya wiki, lakini watoto mjini waliokunywa maziwa ya kiwanda wakazidi kuhara. Meneja alifurahia majibu. Mpimaji alikunja uso.

"Nisipoona kitu, basi sijatafuta," alisema, akachukua pamba nyingine na kuipitisha kwenye brashi ya Nyamoita, ile ile iliyosugua mfereji na makopo.

Majibu yalipoonyesha brashi imejaa vijidudu, Nyamoita alingoja kukemewa. Mpimaji alimletea brashi mbili mpya, moja ya mfereji na moja ya makopo.

"Mama, Jumatatu usinipokee kama mgeni. Nikute mambo yalivyo."

Aliitikia. Lakini Jumatatu ilipofika, mpimaji akipiga magoti kwenye uchafu ambao haukusuguliwa, Nyamoita aligeukia ukutani kwa aibu.