Namba ya Koo la Mwene

Nilipoanza kazi ya udresa, ya kufunga vidonda na kugawa dawa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, serikali ilikuwa imechoka kusoma hadithi za wagonjwa. Dresa mzee aliyenitangulia katika ile zahanati aliandika daftarini kila alichoambiwa, neno kwa neno. "Koo linawasha kana kwamba amemeza nyasi." "Hamezi mate tangu agombane na mkwewe." Kila mwisho wa mwezi alizituma hadithi hizo Mbeya, na nadhani huko walizisoma kwa kicheko kabla ya kuzitupa. Wiki yake ya mwisho kazini, wakati ananikabidhi funguo, ikaja karatasi ndefu yenye kurasa mbili: orodha ya magonjwa yote ambayo serikali iliyatambua, kila ugonjwa na namba yake. Amri ilikuwa fupi. Kuanzia mwezi huo, dresa aandike namba tu.

Mimi nilifurahi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimesoma Misheni ya Mbozi mpaka darasa la sita, na mwandiko wangu ulikuwa kama kuku amepita. Namba niliziweza.

Orodha yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Mzee alikaa nami mchana mzima akiniandikia Kiswahili kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa kwanza: homa, kuhara, upele, kidonda, kikohozi. Koo kali la ghafla lilikuwa namba ishirini na tatu. Tulipofungua ukurasa wa pili akapiga miayo, akasema magonjwa ya huko nyuma hayajawahi kufika kwetu, akachukua fimbo yake akaenda zake kulima kahawa.

Zahanati ilikuwa ya matofali mabichi, juu kwenye vilima, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Vwawa. Huko Juni ikiingia baridi hukaa kifuani kama mgeni asiyeaga. Asubuhi ukungu, jioni moshi wa kuni ndani ya nyumba zisizo na madirisha, na katikati yake makoo. Yalikuja makoo ya wazee, ya watoto, ya wake na ya wake wenza. Zamani makoo hayo yote yalikwenda kwa mkata kimeo, ambaye alikuwa na kisu kimoja na jibu moja: koo likiuma, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi kikatwe. Changu kilikatwa nikiwa na miaka minne na sijawahi kujua kilikuwa na kazi gani. Mzee wa kisu alipofariki, wateja wake wakawa wangu.

Niliwatibu kwa vitu viwili. Cha kwanza, maji ya chumvi ya kusukutua. Cha pili, dawa ya zambarau, niliyoipaka kooni kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, na ambayo ilitia rangi koo, ulimi, meno na midomo kwa siku nne. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikaita, "Ishirini na tatu, njooni," na watu ishirini au thelathini wakajipanga nyuma ya zahanati, kila mmoja na kikombe chake, wakainua nyuso mbinguni na kusukutua kwa pamoja. Sauti yake ilifika shuleni. Mwalimu aliniambia watoto walikuwa wakiiigiza kwenye kipindi cha kuimba.

Haikupita muda watu wakaanza kuzitumia namba wenyewe. Mtu hakusema tena anaumwa koo, alisema, "Nina ishirini na tatu." Ndugu walipokutana njiani waliulizana habari za nyumbani na kujibiwa, "Salama, ila shemeji yako ni ishirini na tatu." Aliyelipenda jambo hilo kuliko wote alikuwa mama mmoja mpika pombe, mjane mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Koo lake lilikuwa linarudi kila wiki kwa sababu ya moshi wa kupikia, naye alijihesabu kuwa mkubwa wa kundi. Ndiye aliyewapanga wenzake mstari na kuwakemea waliotema mate karibu.

Wiki mbili kabla ya Bwana DC kuja kwetu kufanya baraza, Mwene alipatwa na koo.

Mwene alikuwa mtawala wetu, kama walivyokuwa baba yake na babu yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano hivi, mrefu, mpole kwa watoto, na mwenye kiburi cha kiasi ambacho kazi yake ilikihitaji, pamoja na akiba kidogo. Kwa baraza lile alikuwa ameandaa hotuba ndefu kuhusu kupogoa kahawa. Akaja zahanati asubuhi, tarishi wake mbele, kitambaa shingoni. Bahati mbaya alifika wakati wa kusukutua. Alisimama pembeni akatazama watu wake wameachama kuelekea mawinguni wakigugumia kama vyura, kisha akaniita ndani na kufunga mlango.

"Kijana," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "wale wana nini?"

"Koo, Mwene."

"Na mimi?"

Nikamwangalia koo. Lilikuwa jekundu, la kawaida kabisa. "Koo, Mwene."

"Namba gani?"

Nikamwambia. Akageukia nje. Dirishani yule mama mpika pombe alikuwa akisuuza kikombe chake na kusema na mtu kwa sauti yake ile.

"Na yule?"

"Ishirini na tatu pia."

"Mwanamke yule," alisema Mwene taratibu, "aliletwa mbele yangu mara tatu kwa kupika pombe siku za kazi. Unataka jina langu liende serikalini limelala naye mstari mmoja?"

Nikamweleza kwamba majina hayaendi serikalini, zinakwenda namba, umri na jinsia tu. Haikumsaidia. Alisema serikali haina haja ya jina, inajua Mwene ni nani. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimefundishwa kulijibu: "Ni namba gani haijakaliwa na mtu?"

Ningeweza kukataa. Nimefikiri sana tangu siku ile kuhusu jinsi ningekataa, na maneno mazuri ninayo sasa. Siku ile nilikuwa na kazi changa na mke mjamzito, na mbele yangu alikaa mtu ambaye neno lake moja lingenirudisha kwenye jembe. Nikaichukua orodha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa watu. Penye nafasi palikuwa na ndui, na ndui ingeleta askari wa kufunga njia. Palikuwa na ukoma. Palikuwa na wazimu, nikaupita haraka. Nikafungua ukurasa wa pili, ule usio na penseli, nikashuka kwa kidole mpaka namba hamsini na nane. Neno lake lilikuwa refu kuliko yote, lenye herufi nyingi za kubana midomo. Sikulijua.

"Hii haijawahi kupata mtu," nilisema. Hapo nilisema kweli.

Mwene aliinama akalitazama lile neno. "Ni refu," alisema, na nikaona limempendeza. Nikaandika: mwanaume, hamsini na mitano, namba hamsini na nane. Kisha nikampaka dawa ya zambarau, maana sikuwa na nyingine, na kila siku ya tatu tarishi wake akawa anakuja kuniita nikampake tena nyumbani kwake, mlango umefungwa.

Siku ya baraza uwanja wa shule ulijaa. Bwana DC alikaa kwenye kiti cha mwalimu, mkalimani pembeni yake. Mwene akasimama, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mlango mbovu, lakini hiyo si shida, watu wangeistahimili. Shida ilikuwa rangi. Ulimi, meno na midomo vilikuwa zambarau, nami nilikuwa nimepaka jana yake tu. Kwenye nyasi mbele yake walikaa watu wapatao arobaini wenye vinywa vya rangi hiyohiyo. Walimtazama. Wakatazamana. Walioanza kucheka walijaribu kufunga midomo kwa viganja, wakashindwa, na kila aliyecheka alionyesha zambarau nyingine.

Mama mpika pombe hakucheka. Alisema kwa Kinyiha, lugha yetu, kwa utulivu, kama mtu anayepokea mgeni nyumbani: "Mwene naye ni ishirini na tatu."

Uwanja mzima ukasikia. Bwana DC akamgeukia mkalimani kuuliza mama yule amesema nini. Mkalimani alikuwa mtu muungwana, mwenye watoto wanane na hamu ya kubaki kazini. Akafikiri kidogo, akajibu, "Anasema wote wako pamoja na Mwene." Bwana DC akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika na kuandika kitu kwenye kijitabu chake.

Mwene alimaliza hotuba yake. Namheshimu kwa hilo. Aliieleza kahawa tawi kwa tawi, kwa sauti ile, kwa kinywa kile, mpaka mwisho. Jioni akaja kwangu peke yake, bila tarishi.

"Uliniambia niko peke yangu," alisema.

Nikamfungulia daftari. Akafuata mstari wake kwa kidole, akaiona hamsini na nane imekaa yenyewe kama mfalme kati ya ishirini na tatu nyingi. Akavuta pumzi. "Basi kosa ni la rangi," alisema, akaenda zake.

Mwisho wa mwezi nikatuma hesabu Mbeya. Baada ya majuma matatu gari la serikali likapanda kilima chetu, na ndani yake daktari Mzungu, mwembamba, mwenye Kiswahili safi kuliko changu. Hakuomba chai. Aliomba daftari.

"Huyu wa hamsini na nane," alisema. "Mwanaume wa miaka hamsini na mitano."

"Ndiyo, bwana."

"Amejifungua lini?"

Nikadhani sijasikia vizuri. Akanieleza polepole kwamba namba hamsini na nane ni homa wanayopata wanawake baada ya kujifungua, kwamba ugonjwa huo huua, na kwamba ofisini kwake kuna karani ambaye hajafanya kazi siku mbili kwa kicheko. Nikamweleza yote: mstari wa kusukutua, mama mpika pombe, neno refu. Alinisikiliza akiangalia dirishani. Nilipofika kwenye baraza mabega yake yalitikisika mara moja tu.

Kisha akauliza, "Na hawa wa ishirini na tatu, unawaangalia kooni kabla ya kuandika?"

Nikasema ndiyo. Halafu nikasema, si wote. Asubuhi za baridi, mtu akishika shingo nilikuwa nimeshaandika kabla hajakaa.

Akatoka nje. Foleni ilikuwepo. Akachukua kijiko na tochi, akaanza wa kwanza mpaka wa mwisho, nami nyuma yake kama ndama. Makoo mekundu, makoo ya zambarau, hakuna neno. Mtu wa kumi na kitu alikuwa binti wa miaka sita aliyeletwa na bibi yake. Jana yake walikuwa wamekuja, nami nilikuwa nimemwandika ishirini na tatu bila kumwambia afungue kinywa. Daktari akamulika, akaniita nione. Nyuma ya ulimi palikuwa na utando wa kijivu, umeganda kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Shingo ilikuwa imevimba pande zote mbili.

"Donda koo," alisema. "Hilo lina namba yake. Iko ukurasa wa kwanza."

Ilikuwepo kweli, na penseli ya mzee pembeni yake. Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alimbeba binti mwenyewe mpaka garini, bibi akapanda nyuma na kikapu chake, wakateremka kilima. Nilibaki nimeshika kijiko. Wale waliokuwa kwenye foleni walinitazama, na siku hiyo hakuna aliyeniita daktari kama walivyozoea.

Kesho yake Mwene akatuma niitwe. Alikuwa amepona, ana sauti yake yote.

"Nasikia daktari amekuja kwa ajili ya namba yangu. Amesemaje?"

Nilikuwa nimelala vibaya na sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. Pia sikuwa na ujasiri wa kusema kweli yote. "Amesema tangu aanze kazi hajawahi kuiona kwa mwanaume."

Mwene akakaa sawasawa kwenye kiti. Aliagiza nipewe mkungu wa ndizi. Nyumbani mke wangu, ambaye nilikuwa nimeshamsimulia, aliuangalia ule mkungu akacheka mpaka akashika tumbo na kusema nimwache, mtoto atatoka kabla ya wakati.

Yule binti alikaa Mbeya zaidi ya mwezi. Siku aliporudi nilikuwa nje naanika bandeji. Niliwaona wakipanda njia ya kahawa, bibi mbele, binti nyuma, amekonda, miguu kama vijiti vya kiberiti. Kila mtu waliyekutana naye alisimama kumsalimia mtoto, naye badala ya kuamkia alimwachamia kinywa, wazi kabisa, ulimi nje, akasubiri aangaliwe. Walikuwa wamemzoesha hivyo hospitali. Bibi alimwambia aache, aseme shikamoo kama mtoto mwenye adabu. Alipofika kwangu akaachama tena. Nikaweka bandeji chini, nikapiga magoti kwenye udongo, nikatazama vizuri.