Uwanja Tuliouchimba Kama Tuta

Mtu akiniambia ndege ni mambo ya wasomi, humwambia akae nimweleze. Mimi ni mkulima wa upande wa Makindu na najua ndege inavyoruka, kwa sababu miaka ile ya sabini ilibidi nijue. Mama yangu alikuwa amepofuka kwa mtoto wa jicho, na daktari wa macho alikuwa akizunguka kwa ndege ndogo. Barabara yetu ilikuwa ya jina tu. Chifu akasema tukitengeneza uwanja ndege itatua, na mama atapasuliwa.

Nilikuwa mwenyekiti wa mwethya, kikundi chetu cha akina mama cha kusaidiana kazi. Tulifyeka, tukang'oa visiki, tukavunja vichuguu. Lakini kazi tuliyoizoea ni kuchimba matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua, basi uwanja nao tukaulaza vile vile, ukikata mteremko. Ulinyooka, nakwambia, na tukauonea fahari.

Ndege ikaja. Iliposhuka, upepo wa mashariki uliipiga ubavuni, bawa moja likainama nusura liguse chini. Ikapaa, ikaenda zake kutua Makindu mjini. Mama alisikia mlio ukififia, akaniuliza kama imetua. Nikamwambia imekwenda mjini.

Mchana rubani alikuja na Landrova kuukagua uwanja. Nilimsalimu kwa shingo upande. Akanipakia, akasema, "Mama, toa mkono dirishani, uinue kidogo upande wa mbele." Gari liliposhika kasi, hewa iliusukuma mkono wangu juu bila mimi kutaka. Alipopunguza mwendo, ukashuka. Akanieleza kwamba bawa ni hivyo hivyo: injini huvuta ndege mbele, bawa husukuma hewa chini, nayo hewa hulibeba. Ndege ikitua huku imeutazama upepo, bawa hupata hewa ya kutosha hata mwendo ukiwa mdogo. Upepo wa ubavuni huisukuma tu nje ya uwanja.

"Ni hilo tu?" nikamwuliza.

"Ni hilo tu, Mama."

"Basi ungesema mapema. Upepo naujua, napeta pojo kila msimu."

Wenzangu walinung'unika kwamba uwanja ukielekezwa mashariki utafuata mteremko, na mvua itaubeba. Niliwaambia tutachimba mitaro kandokando, na asiyetaka aende akalale. Hakuna aliyekwenda. Tulianza upya, malengelenge juu ya malengelenge.

Ndege iliporudi ilielekea mashariki, ikashuka taratibu, ikasimama mbali na mwisho wa uwanja. Mimi sikushangaa hata kidogo. Mama akapasuliwa kanisani, kwenye meza ya sadaka.

Kesho yake muuguzi alimfungua bandeji. Mama alinitazama usoni, halafu kichwani, akazishika nywele zangu.

"Mvi hizi umezipata lini," akaniuliza, "na mimi nilikuwa hapa hapa?"