Komwe ya Saumu

Andika kwanza kwamba baba yangu alikuwa Hamisi bin Juma, mzaliwa wa Mtongwe, na mama yangu Mwanajuma binti Ali, mzaliwa wa Waa. Mimi nimezaliwa papa hapa Likoni, katika nyumba ya makuti ambayo mahali pake sasa pana duka la saruji. Usipambe. Andika nisemavyo.

Jana ulimwaga mezani vitu vya mchezo wako, vile viaskari na dadu, ili umchagulie binamu yako vya kuanzia. Mlio wake, ule wa vitu vigumu kugongana na mbao, ulinirudisha mbali. Ukaniuliza, "Bibi, mtu asiyejua kitu apewe nini kwanza?" Nami nikakufokea uondoe takataka. Jibu langu ni hili.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami nina umri wa kama miaka kumi na mmoja. Chuoni, kusoma Kurani, nilipelekwa; skuli sikupelekwa. Lakini mchezo niliubuni mimi, si kaka yangu Omari aliyekuwa na madaftari. Tulitandika mkeka mbovu uani, tukachora njia kwa mkaa, na mimi nikawa msimulizi. "Umefika kisimani," nilisema, "na hapo limekaa jitu lenye shoka." Mchezaji alirusha kauri nne. Zikilala zote kifudifudi, jitu limemshinda, na mtu wake, ambaye alikuwa mbegu ya ubuyu, aliwekwa juu ya kigae akapondwa kwa jiwe hadi awe unga. Hatukuwa watoto wa huruma. Kwa alasiri moja tuliweza kumaliza ukoo mzima, kisha tukanawa mikono tukala.

Siku hiyo mjomba wangu Bakari alikuja kututembelea kutoka Kisauni pamoja na bintiye Saumu, mtoto wa miaka saba. Saumu aliona watu watatu wakipondwa, akarudi nyuma.

"Mimi nipeni asiyepondeka."

"Hakuna asiyepondeka," Omari akamcheka. "Nenda kacheze mapishi na watoto wenzako."

Nami nilimtaka acheze, kwa kuwa Omari peke yake alikuwa amekwisha choka kufa. Nikamchagulia vya kuanzia. Silaha, mwiba wa mndimu. Riziki, punje tatu za mahindi. Sharti, moja tu, nalo nililitamka kwa sauti ya kutisha: "Ukikamatwa, humtaji mwenzako, hata wakikukata ulimi." Kisha nikaingia ndani, na katika kifuko cha kete za bao kilichoning'inia nyuma ya mlango, nikatoa mtu wake, mbegu moja ya komwe ya kijivu, laini kama yai la mjusi. Omari aliipiga kwa jiwe mara tatu. Ya tatu ikaruka ikamgonga kipajini. Saumu akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Baada ya sala ya alasiri, mjomba aliketi barazani na jirani yetu Mzee Kombo, fundi seremala, wapate kucheza bao. Mzee Kombo hakuanza kamwe bila kuhesabu kete. Zikatakiwa sitini na nne. Akazikuta sitini na tatu.

"Bakari, tema."

"Niteme nini?"

"Wajua. Iddi iliyopita ulinifunga hivi hivi, kete umeificha shavuni. Fungua kinywa."

"Mzee Kombo, mimi ni mtu mzima, nina watoto."

"Basi fungua, mtu mzima."

Tulipofika mlangoni, vidole vya Mzee Kombo vilikuwa vimekwisha ingia kinywani mwa mjomba, na mjomba ameuma. Sijapata kusikia tena mtu mzima akilia vile. Damu ilitiririka hadi kwenye kanzu. Mjomba alipoachia, alipigwa ngumi ya jicho, naye akamkaba Mzee Kombo koo na kumbamiza ukutani mpaka chokaa ikamwagika. Ndipo mzee akalinyanyua bao lenyewe, ubao mzima wa mti, akalizungusha.

Saumu alikimbia katikati yao, kiganja wazi. "Baba, hii hapa!"

Bao likampata mdomoni. Meno matatu yalimtoka. Komwe ikaviringika hadi miguuni pangu, nami nikaikanyaga.

Wangaliweza kuishia hapo. Lakini aibu ilikuwa imempanda mjomba kuliko huruma. Alimshika mtoto mkono, akavua mkanda, akampiga mbele ya watu huku damu ikimchuruzika kifuani. "Mwizi! Nani amekupa?" Saumu alinitazama. Nilikuwa hatua mbili tu, na ile komwe naisikia chini ya unyayo wangu.

"Nimeichukua mwenyewe," akasema.

Miaka mingi nilijiambia kwamba mtoto yule alikuwa bado anacheza, ametii sharti la mchezo, nami sina kosa. Siku nilipomwona mama yako, naye ana miaka saba, akilia kwa sababu ya jino moja tu lililong'oka lenyewe, nilifahamu. Hakuna anayecheza na damu kinywani. Saumu alijua mchezo umekwisha, alijua kuwa mimi niko pale, na alinisubiri.

Huyo ndiye bibi yako Saumu wa Kisauni, ambaye mpaka leo akicheka hufunika mdomo, na ambaye katika ukoo wetu bado anataniwa kwamba aliiba kete.

Basi binamu yako mchagulie upendavyo, lakini umwambie kila kitu kimetoka wapi. Karatasi hii itunze wewe. Komwe usiitunze, imo ndani ya kikopo cha wanja, chini ya nguo zangu; hiyo nitaibeba mimi. Ijumaa tutavuka pamoja hadi Kisauni. Utasoma haya kwa sauti, wanawe na wajukuu zake wakiwa wameketi, na usiruke neno. Mimi nitakuwa nimesimama.